Ondoeni Matope Shingoni mwa Midoriani

Kaeni chini wote watatu, na wewe Diep ilaze hiyo simu kifudifudi, maana nina maneno ya kusema na sina muda wa kuyarudia. Hapana, Luong, usininyanyulie mto, niache nilivyo. Kifua kikiniziba nitanyamaza kidogo kisha nitaendelea, na mtu asije akadhani nikinyamaza nimemaliza. Jana jioni niliwasikia kule jikoni mkigawana matuta yangu kwa kunong'ona, haya yako, haya yangu, na mimi niko hapa kitandani nyuma ya ukuta wa mbao, kama vile mimi ni samaki aliyeshaingia chunguni. Daktari alisema wiki iliyopita kwamba sitaivuka Jumapili, leo ni Jumatano, na kama mnataka kujua kilichonivusha si ile dawa ya chupa bali ni hasira. Nimelala na hasira siku kumi na mbili. Leo naitoa yote, kisha nigawe mali, kisha nife, kwa mpango huo.

Nitasema kwanza kilichotokea, hata kama mnakijua, kwa sababu kila mmoja wenu ana namna yake ya kukisimulia ambayo inamtoa yeye akiwa safi. Baada ya sikukuu ya mwaka mpya, Tet, nililazwa hospitali ya mkoa siku ishirini na mbili. Nilipoondoka hapa, midoriani yangu arobaini na mmoja ilikuwa imesimama kwenye matuta manne ya nyuma, yenye majani ya kijani cha kuiva na maua yameshaanza kutokeza kwenye matawi, miti niliyoipanda na baba yenu mwaka aliozaliwa Toan. Niliporudi, Luong alinipokea pale gatini anacheka. Akaniambia, "Mama, mwaka huu hubebi hata karai moja. Nimekodi pampu, shamba zima limeinuka kwa siku mbili." Akanishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba, na mimi nilikuwa nimechoka, nikadhani macho yananidanganya. Mitaro yote ilikuwa imekombwa mpaka kwenye udongo wa kijivu wa chini kabisa, na matope yake yamemwagwa juu ya matuta, yamefika magotini, yamekumbatia mashina, yamefunika kila kitu. Vile vigingi vya mnazi alivyovichoma baba yenu kando ya kila mti, vyenye alama ya kisu ya kuonyesha udongo ulifika wapi siku mti ulipopandwa, sikukiona hata kimoja. Nikauliza, "Luong, vigingi viko wapi?" Akajibu kwa fahari, "Viko huko chini, Mama. Sisi tumeshapanda juu."

Tumeshapanda juu. Mwanangu wa kwanza, mwenye miaka arobaini na mbili, aliyezaliwa juu ya tuta na kutambaa juu ya tuta, anaufukia mti shingo halafu anajisifu kwamba amepanda juu. Nilikaa chini pale pale kwenye matope, na wewe ukadhani ni ugonjwa.

Sikiliza basi, Luong, nikwambie kitu ambacho nilidhani umekinyonya pamoja na maziwa. Tuta halikai palepale. Udongo huu babu yenu aliutoa mtoni kwa mikono, na tangu siku hiyo kila mvua inauteremsha mtaroni, majani yanaoza, ardhi inashuka, na usipoirudisha, baada ya miaka michache mizizi inakaa kwenye maji na mti unakufa taratibu. Ndiyo maana kila mwaka Tet ikipita tunafungua bomba la gogo la kutolea maji mto ukishuka, mtaro unabaki matope matupu, tunaingia mpaka mapajani na kuyarudisha juu. Hilo ulilijua. Usilolijua, au ulilolijua ukalipuuza kwa sababu umeona video ya mtu mmoja mwenye kofia nzuri, ni kwamba tunarudisha vidole vitatu. Vidole vitatu kwa mwaka, si magoti. Tunalichota lile tope jeusi la juu tu, si lile la kijivu la chini linalonuka yai viza, ambalo ni chachu na linaunguza mizizi. Tunaliacha kingoni likauke mpaka lipasuke, tunalivunja, tunalitandaza, na tukifika kwenye shina tunaacha urefu wa mkono mzima mtupu pande zote. Mdoriani unakula kwa vile vizizi vyembamba vilivyo juu juu, na unapumua hapo shingoni, shina linapokutana na ardhi. Ukipaziba hapo, mti haukwambii kitu. Unakaa na majani yake mwezi mzima ukionekana mzima, kama mtu aliyekabwa na bado macho yamefumbuka.

Na sasa miti imeanza kusema. Mitano imeshapukutisha majani. Miwili inatoa utomvu mwekundu kwenye gome, na mmoja ule wa pembeni nimeambiwa umekauka, ingawa mlinificha siku tatu. Nilipowaambia toeni matope, Luong ulisema, "Yakikauka yatapasuka yenyewe, Mama, hewa itapita." Ukamwaga na mbolea juu yake. Mwezi mmoja kutoka leo mvua zitaanza, na mvua ya kwanza ikipiga lile tope litarudi kuwa uji, litaganda kwenye mashina, na hapo hata mkija na makarai mia moja mtakuwa mnachimbua maiti. Huo ndio muda mlio nao. Mwezi mmoja, miti arobaini, watu watatu.

Nipe maji, Diep. Kidogo tu.

Nawe Diep usijione umepona kwa kuwa uliolewa mjini na hukuwapo. Ulikuja kuniona hospitali na mwanamume ambaye sikumjua, mkanikalia kitandani na machungwa, na kumbe yule ni mfanyabiashara wa nyumba za wageni, na siku ya pili yake alikuwa hapa anapima uwanja wangu kwa futi ya chuma. Majirani wameniambia. Alisema midoriani ikifa si hasara, patapatikana mahali pa kuweka bwawa la kuogelea. Na wewe ulicheka. Usikane, mwanangu, una kicheko kinachosikika ng'ambo ya mto tangu ukiwa na miaka minne.

Lakini hao wawili hasira yangu kwao ni ya kawaida, hasira ya mama kwa watoto walioharibu kitu. Hasira yenyewe hasa, ile inayonifanya nishindwe kumeza uji, ni yako wewe Toan, na ndiyo maana umekaa pale mlangoni, kwa sababu unajua. Sogea. Sogea mpaka nikuone.

Luong hakujua, Diep hajali, lakini wewe ulijua. Umeingia nami mtaroni tangu ukiwa na miaka kumi, mavuno ishirini, na mkono wako ukigusa tope unajua kama ni tamu au chachu bila kulionja, kitu ambacho hata baba yenu hakukiweza. Na siku ile pampu ilipokuwa inanguruma na matope yanaruka hewani kama mharo, ulikuwa wapi? Ulikuwa umesimama kingoni na birika la chai. Uliwapelekea chai wale watu. Fundi wa pampu mwenyewe, ambaye kazi yake ni kuvuta mchanga mtoni na hajui mti hata mmoja, alikuuliza, "Na hapa kwenye mashina tupite au tuzibe?" Ukamjibu, "Muulize kaka." Nimesimuliwa neno kwa neno. Muulize kaka. Nilipokuuliza kwa nini, ulitazama miguu yako ukasema, "Mama, Luong ndiye mkubwa, ningemwaibisha mbele ya watu." Kwa hiyo ukaona bora kuaibisha miti.

Najua wanavyokusifu hapa kijijini. Toan ana adabu, Toan hajibizani na wakubwa, Toan mtoto wa mfano. Mimi pia nilikuwa najivunia, na ndimi niliyekufundisha, na hapo ndipo hasira inaponigeukia mimi mwenyewe, na sasa nitawaambia kitu ambacho sijamwambia mtu yeyote, wala baba yenu aliyelala kaburini kule nyuma.

Mnalijua tuta la mwisho, lile la karibu na kijito, ambalo baba yenu alilihangaikia mpaka mgongo ukapinda. Mmekua mkiambiwa kwamba mto ulilila mwaka wa mafuriko. Mto haukulila. Luong ulikuwa bado unanyonya, baba yenu alikuwa ameenda kuvuna mpunga wa watu mwezi mzima, na baba mkubwa wenu Khiem akaja hapa na boti ya watu wa tanuri la matofali, amewauzia udongo wetu. Walikata tuta lile kina cha mkono mzima, udongo wote mweusi wa juu, siku tatu mfululizo, boti inaondoka imezama mpaka ukingoni na kurudi tupu. Niliona kila kitu kutoka jikoni. Nilitoka mara moja nikasema, "Shemeji, hili tuta ni la mdogo wako." Akanitazama kama anatazama kuku aliyeingia sebuleni, akaniambia, "Shemeji, mambo ya udongo ni ya wanaume wa nyumba hii. Wewe tuletee chai." Nikawaletea chai, Toan. Nikawaletea chai kwa mikono hii miwili, na nikaomba radhi kwamba haikuwa na moto wa kutosha.

Baba yenu aliporudi na kukuta shimo, nikamwambia nilikuwa kwa mama yangu, sikuona, labda ni maji. Nilisema hivyo ili ndugu wawili wasishikane mashati mbele ya picha za wazazi wao. Nikaita hiyo amani. Akaamini, maana alikuwa ananiamini, na kwa miaka kumi na mmoja akalirudisha tuta lile vidole vitatu kila mwaka, peke yake, na Khiem anapita na mtumbwi anamsalimia, "Kazi njema, mdogo wangu." Tulisubiri mpaka lile tuta lilipofika usawa wa mengine ndipo tukapanda midoriani yote kwa mpigo, na wewe ukazaliwa mwaka huo huo. Baba yenu alikufa akiulaumu mto. Nilikuwa nimemshika mkono na bado sikusema. Khiem naye amekufa, nimemchomea vijiti vya udi kila kumbukumbu ya kifo chake kama inavyotakiwa, na kila mara nimeviwasha kwa kinyongo, na mpaka leo sijamsamehe, na sitawadanganya kwamba nitamsamehe kabla ya kufa. Nikimkuta huko nitaanzia pale pale nilipoishia.

Sasa mnaelewa kwa nini nimekasirika. Nilinyamaza mimi mara moja, ikatugharimu miaka kumi na mmoja na mgongo wa baba yenu. Umenyamaza wewe, na mti wa miaka thelathini haupandwi upya kwa machozi. Unafia pale.

Subirini. Subirini nipumue.

Haya, mali. Nyumba hii, pamoja na meza ya mababu na utunzaji wa makaburi, ni ya Toan, maana kitinda mimba ndiye anayebaki na wazazi na hilo halina mjadala. Diep, matuta mawili ya mbele yenye mishokishoki ni yako. Ukitaka kuyauza baada ya mwaka mmoja uza, sitarudi kukukataza, lakini atakayenunua asizibe mtaro hata kwa tofali moja, kwa sababu maji ya nyuma yanapita kwako, na ukiwazibia ndugu zako maji nitakusikia. Mkufu wangu na hereni chukua wewe pia. Matuta manne ya nyuma ni ya Luong na Toan, mawili kwa mawili, na lile la mwisho liwe lako, Luong, kwa sababu nataka ulimaji wake ukufundishe.

Lakini mnisikie vizuri hapa, maana hili ndilo nililowaitia. Kauli ya udongo ni ya Toan, kwenye matuta yote manne. Lini mtaro ufunguliwe, tope lipi lichotwe, lipande kiasi gani, liishie wapi kabla ya shina, ni Toan atakayesema, na Luong atatii. Najua si desturi. Najua mkubwa hapokei amri kwa mdogo wake, na watu wataongea kilioni mpaka wachoke. Waongee. Luong, kwenye meza ya mababu utasimama mbele, kwenye harusi utakaa mbele, kila mahali wewe ni mkubwa na mdogo wako atakuamkia kwa heshima. Mtaroni wewe ni mdogo.

Ila siwezi kumpa kauli mtu asiye na mdomo. Kwa hiyo, Toan, simama. Mtazame kaka yako. Sio miguu yake, uso wake. Mwambie sasa hivi, mbele yangu nikiwa bado nasikia, kile ulichotakiwa kumwambia siku ile ukiwa na birika mkononi. Usipokisema, basi nitampa Diep matuta yote sita na yule mtu wake aje na bwawa lake, bora miti ife mara moja kwa shoka kuliko kufa kwa adabu. Sitanii. Diep, usikodoe macho hivyo, sijakupa bado.

Sema.

Nini? "Kaka, labda"? Hakuna labda. Ondoa labda uanze tena.

Sauti inaishia mdomoni mwako. Mimi nakufa na bado sauti yangu inafika mlangoni, wewe una miaka thelathini na kifua cha fahali.

Haya.

Nimesikia. Luong, na wewe umesikia? Amesema, "Kaka, ulikosea, na mimi nilijua, na nilinyamaza, na matope yale yatoke leo." Yatoke leo. Hilo la leo sikumfundisha mimi, amelitoa mwenyewe. Sasa usinitazame mimi, Luong, nimeshamaliza na wewe, mtazame yeye umjibu. Najua inauma. Ulikodi ile pampu kwa fedha zako ulizotunza ili ukarabati paa, ulitaka nirudi nikute kazi imeisha, ulitaka mama yako asiingie tena mtaroni na mapafu haya. Nalijua hilo, mwanangu. Ningelisema mapema, lakini hasira ilikuwa imelikalia.

Amesema nini? Rudia, Luong.

"Nianzie wapi?"

Mmesikia. Mkubwa amemuuliza mdogo wake aanzie wapi. Toan, mjibu, usiniachie mimi.

Sawa. Tuta la tatu, ndiyo, ile miwili inayotoa utomvu kwanza. Na mwambie asiguse kwa jembe. Jembe liishie katikati ya tuta. Karibu na shina ni mikono na kipande cha mwanzi, mpaka mkione kigingi, mpaka muione ile alama ya kisu, na hapo msimame, msiongeze hata kiganja. Palipooza pakwangueni mpakaushe. Lile tope la kijivu msilirudishe mtaroni, lipelekeni kule njiani mkafukie mashimo. Diep, wewe beba. Kucha zitaota nyingine.

Nasema haraka haraka sasa, kwa sababu... ngojeni.

Nikifa kazi haijaisha, msiiache kazi. Nilazeni sebuleni siku tatu kama kawaida, mwiteni mpiga zumari, pikeni wali na samaki wa chungu, na wageni wakija na udi pokeeni, kisha wapeni makarai waende nyuma. Wote. Hata mke wa Khiem, yule apewe kubwa. Nizikeni mwisho wa tuta la mwisho, kando ya baba yenu, na kaburi liwe usawa wa lake. Kisha mtafunga vitambaa vyeupe kwenye miti, kama tulivyofanya alipoondoka yeye, ili ijue mwenyewe hayupo na isinifuate. Lakini mti ambao shingo yake bado imefukiwa, msiufunge. Mnanielewa? Kwanza shingo iwe wazi, ndipo kitambaa. Sitaki mti uvalishwe msiba wangu wakati nyinyi... wakati nyinyi mnaandaa wake.

Radhi yangu nawapa. Luong, radhi. Diep, radhi, hata kicheko chako. Toan... wewe sogea. Mikono yako. Hii. Hii mikono iwe na mdomo. Mle, mshibe, mzae, msigombane kwa kunong'ona, mkigombana pigeni kelele nisikie. Bado nimekasirika, msidhani nimelainika. Ni kifua tu kinachoshuka.

Maji yameshashuka saa hii, bomba liko wazi. Acheni mkono wangu. Hamuwezi kunishika na kushika karai.

Mbona bado nawasikia humu ndani? Tokeni. Acheni mlango wazi... nisikie mnavyochota.